Ndege wa Ukingoni: Elimu Niliyoipata kwa Kuwafuata Kwale, Kanga na Kware

Kwale si ndege wa katikati. Katikati ya shamba kubwa la ngano hapati pa kujificha, na katikati ya msitu mzito hapati mbegu wala jua la kukaushia manyoya yake. Makazi yake ni pale shamba linapokoma na kichaka kuanza, au pale njia ya ng'ombe inapokata majani marefu, au kwenye mteremko wa mawe ambako mmea wa kichaka uitwao leleshwa umeota kwa mafungu na kuacha nafasi za nyasi fupi baina yake. Kwa miaka mingi nimekuwa nikiwafuata ndege hawa kwa miguu katika vilima vinavyouzunguka mji wa Nakuru, pamoja na kanga na kware, na nikiulizwa nimepata faida gani katika matembezi hayo, hutaja kwanza elimu hii ya kingo. Niliipokea kutoka kwa wawindaji, ijapokuwa mimi mwenyewe nawafuata ndege bila bunduki na bila mtego, nikiwa na darubini, daftari na mbwa mmoja wa kienyeji.

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Kupiga ndege wa aina fulani kwa leseni kuliendelea kwa miaka mingi baada ya hapo, na wazee niliowakuta Njoro na Rongai nilipohamia Nakuru kufundisha walikuwa wamewahi kuajiriwa katika mashamba makubwa kuwatangulia wapigaji, kuwatimua kanga na kwale kutoka majanini, na kuwaokota walioanguka. Baadaye ikaja Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, ambayo inauhesabu uwindaji wa kujifurahisha kuwa kosa. Siandiki ili sheria hiyo ilegezwe. Naiunga mkono kwa moyo wote, kwa kuwa nimeshuhudia kanga wakitoweka katika vijiji ambako zamani walikuwa kero kwa wakulima. Linalonisumbua ni jambo jingine. Bunduki ilipowekwa chini, ujuzi ulioshikamana nayo ulianza kupotea pia: kusoma upepo, kutambua ardhi iliyoparuliwa asubuhi na ile iliyoparuliwa jana, kujua ndege atatoka saa ngapi na atatokea upande gani. Wapenzi wengi wa ndege siku hizi huinua macho juu ya miti kuwatafuta wale wenye rangi za kung'aa, na kwale huwapita njiani bila kusimama.

Mwalimu wangu wa kwanza alikuwa mjomba, kaka yake mama, aliyekuwa mtegaji wa kware huko Siaya. Nyumbani kwake ndiko nilikopelekwa wakati wa likizo za shule. Kware wa pori wa upande ule, ambao kwetu huitwa aluru, ni wadogo kuliko ngumi ya mtu mzima. Dume ana kifua cheusi, mbavu za rangi ya kutu na koo jeupe lililochorwa mistari myeusi, na jike ni wa kahawia iliyopauka. Ni ndege wa kuhamahama. Hufuata mvua, husafiri usiku, hutua mahali ambapo nyasi zimeanza kuchipua, hutaga na kulea, kisha huondoka. Ndiyo maana mwaka mmoja hujaa mashambani hata watoto wakawasikia wakiwa vitandani, na mwaka unaofuata isisikike hata sauti moja.

Mjomba alikuwa na tundu alizozisuka mwenyewe kwa vijiti na kamba za mkonge, na katika kila tundu aliweka dume mmoja. Msimu ulipofika alizitundika tundu hizo, moja juu ya nyingine, kwenye mti mrefu aliousimika ukingoni mwa shamba la mtama. Kabla ya mapambazuko madume wale walianza kuita, na kware waliokuwa wakipita angani au waliojificha jirani walivutwa na sauti hizo wakashuka. Chini ya mti ule mjomba alikuwa amefyeka vijia vyembamba katikati ya nyasi na kutega vitanzi ndani yake. Alijua kwamba kware akishatua hapendi kuruka tena. Hutembea, na akitembea huchagua mahali ambapo majani hayamlowanishi wala kumzuia, kwa hiyo kijia kilichofyekwa vizuri kilimwongoza hadi kwenye kitanzi bila kulazimishwa.

Niliyoyachukua kwake hayakuwa ufundi wa vitanzi, ingawa niliujua vizuri. Nilijifunza kwamba mahali pa kusimika mti palichaguliwa kwa siku kadhaa kabla ya mvua, kwa kutembea na kunyamaza. Mjomba alitaka mtama uwe upande mmoja, majani marefu upande wa pili, na kipande cha ardhi tupu kati yake, kwa sababu kware hula mahali pamoja, hujificha mahali pengine, na hujigaragaza mavumbini mahali pa tatu. Pakikosekana kimoja katika hivyo vitatu, alisema, kware atapita juu. Nilijifunza pia kusikiliza kabla ya kutazama: alinikataza kunyanyua kichwa mpaka nimwambie sauti zinatoka pande ngapi na ipi iko karibu zaidi. Na jike aliyenaswa alipapaswa tumbo kwa kidole. Mjomba akihisi yai, alimwachia palepale, hata kama jikoni hakukuwa na kitoweo kingine siku hiyo. Hakuna askari aliyekuwa akimsimamia. Alitaka mwakani wawepo.

Naikumbuka sheria yake hiyo kila ninapofikiria wimbi la ufugaji wa kware lililoikumba Kenya mwaka 2013 na 2014. Watu waliuza mifugo yao na kukopa fedha ili wanunue kware wa kufugwa, wale wa asili ya Asia, mayai yakauzwa kwa bei kubwa kupita kiasi kwa kuwa yalisifiwa kuwa dawa ya kila ugonjwa, kisha soko likaanguka na vizimba vikabaki vitupu. Katika kipindi kile chote sikusikia mtu akiuliza juu ya kware wetu wa pori, anakula nini, anataga wapi, au kwa nini anapungua. Ndege alijulikana kwa bei yake peke yake, na bei ilipoondoka aliondoka nayo akilini mwa watu.

Nakuru ilinipa kwale, na kwale ni somo tofauti. Mzee mmoja wa Njoro, aliyekuwa mtimuaji wa ndege katika ujana wake, alikubali kutembea nami katika miteremko ya volkano ya Menengai, ambayo kilele chake kinafika mita 2,278 juu ya usawa wa bahari. Jambo la kwanza alilonionya ni mwendo. Kwale aliyejibanza majanini huvumilia hatua zinazopita, hata zikipita karibu sana naye; hatua hizo zikikoma ghafla, huamini kwamba ameonekana, naye huruka kwa kishindo cha mabawa kinachomshtua mtu hata aliyekizoea. Wawindaji waliutumia ujuzi huo kumfanya ndege aruke walipokuwa tayari kupiga: walitembea kwa mwendo usiobadilika, kisha wakasimama mahali walipodhani amejificha, wakasubiri. Mimi nautumia kwa njia mbili. Nikitaka kupita bila kumsumbua, hasa wakati wa kuatamia, siachi kutembea. Nikitaka kumwona, husimama mbali, penye uwazi, jua likiwa mgongoni mwangu, nikamwachia yeye muda wa kutoka kwa hiari yake.

Alinionyesha pia kwamba kwale hukimbia kabla ya kuruka, na kwamba mlimani hukimbia akipanda lakini huruka akishuka. Tangu hapo nimeliona jambo hilo mara nyingi mno kulitilia shaka. Anayewafuata kutoka chini huwasukuma juu, kisha huwapoteza wanapogeuka na kuteremka juu ya kichwa chake. Anayetembea sambamba na mteremko, katikati, huwaona wanapokimbia na wanaporuka pia. Upepo nao una nafasi yake, ingawa si kwa sababu ambayo wengi hudhani. Ndege hawa hawamtambui mtu kwa harufu namna paa anavyofanya. Upepo unamhusu mbwa, ambaye huhitaji uje usoni mwake ili apate harufu ya ndege, na unayahusu masikio ya mtembezi, kwa kuwa baada ya saa nne asubuhi upepo wa Nakuru huvuma kwa nguvu kiasi kwamba parakacha zote za majani hufanana.

Kwa hiyo saa bora ni zile za mwanzo. Kwale huita kabla jua halijachomoza, na wengi huita wawiliwawili, dume akianza na jike akimdakia, mpaka mtu akadhani ni ndege mmoja mwenye sauti ndefu. Kuita huko hakudumu. Asubuhi yenye umande mzito, au baada ya mvua ya usiku, hawapendi kubaki katika majani yaliyolowa. Hutoka barabarani na kwenye njia za ng'ombe, wakasimama juani kukausha manyoya, na huo ndio wakati ambapo mtu anaweza kuwatazama kwa utulivu kwa muda mrefu. Mchana hupotea. Jioni hurudi ukingoni kula, kisha hupanda vichakani na kwenye matawi ya chini kulala.

Aina inayoonekana zaidi karibu na mji, katika mawe na leleshwa, ni kwale wa Hildebrandt, ambaye dume wake ana tumbo jeupe lenye madoa meusi mengi, na jike ana tumbo la rangi ya kutu, kiasi kwamba mgeni huwaandika kuwa aina mbili. Wote wana miguu myekundu, na dume ana vipi, yaani miiba ya miguuni, vya kupigania. Ukishuka kuelekea Baringo, ardhi inapokauka na miiba kuzidi, unakutana na kwale mwenye ngozi tupu ya manjano kooni. Ukipanda kwenye safu ya Nyandarua, pale misitu ya mianzi inapopakana na nyasi za juu, yuko kwale wa Jackson, mkubwa na mnene, mwenye mdomo mwekundu na michirizi ya kahawia kifuani, ambaye hupatikana karibu katika milima ya Kenya peke yake. Nyumbani magharibi, kandokando ya mashamba ya Siaya na Busia, kuna mwenye koo jekundu. Na kwenye ukingo wa msitu wa Kakamega kuna mwingine wa kahawia tupu, ambaye nimemsikia mara nyingi na kumwona mara chache. Nawataja wote kwa sababu moja: kila mmoja wao ana ukingo wake. Urefu wa mlima, kiasi cha mvua na aina ya mimea hubadilika, lakini katika kila mahali nimempata ndege pale hali mbili zinapogusana.

Kanga ni rahisi kuonekana na vigumu kukaribia. Wakati wa kiangazi hutembea kwa makundi makubwa, na asubuhi hushuka kwenda majini wakiwa wamepangana mstari mmoja kwenye njia ileile ya jana, chini ya miti ileile waliyolala. Mwindaji aliyeijua njia hiyo hakuwa na haja ya kuwafukuza, alikaa akawangoja. Mimi nami hukaa. Katika kundi kuna daima mmoja aliyeinua shingo wakati wenzake wakila, na akipiga kelele kundi zima huinua shingo. Mvua zikianza makundi huvunjika, wanajitenga wawiliwawili, na jike hutaga mayai yake katika kijishimo kilichofichwa majanini, akiyaatamia kwa siku 26 hadi 28. Katika wiki hizo mbwa wangu hafunguliwi kamba. Mbwa ni msaidizi mwema wa mtembezi kwa sababu pua yake hugundua ndege ambaye jicho lingempita, na ukimfundisha kusimama anaponusa badala ya kukimbilia atakuonyesha mengi. Lakini mbwa aliyeachiwa huru mwezi wa Aprili atamaliza kizazi kizima cha kanga kwa asubuhi moja. Katika hifadhi za taifa haruhusiwi kabisa, na ndani ya Hifadhi ya Ziwa Nakuru wageni hutembezwa kwa gari, kwa hiyo matembezi yangu yote huwa katika ardhi za watu na za jamii, ambako sharti la kwanza ni kupiga hodi. Sijawahi kunyimwa njia na mtu niliyemwendea nyumbani kwake, nikamsalimu, nikamweleza ninachotafuta. Viatu virefu vya ngozi ni sharti la pili, kwa sababu nyoka kifutu naye hupenda kulala pale jua linapofika kwenye ukingo wa njia.

Nililoliona likibadilika katika miaka hii ni kingo zenyewe. Mashamba yamegawanywa kwa warithi, kila kipande kikazungushiwa waya mahali pa ua wa miti, na kipande kinapokuwa kidogo mwenyewe hulima mpaka kwenye nguzo. Wengine huchoma majani ya pembezoni kila mwaka ili panya wasipate pa kukaa. Dawa za kuua magugu hufanya kwa nusu siku kazi ambayo jembe lingeifanya kwa wiki, na hazibakizi mstari wowote wa mimea. Mtu anaweza kulitazama shamba kama hilo akaona mahindi mazuri, na kwa kweli ni mazuri, asijue kwamba vifaranga vya kwale na vya kanga katika siku zao za kwanza huishi kwa wadudu, wala si kwa nafaka. Panapokosekana panzi, viwavi na mchwa kifaranga hufa hata kama mbegu zimejaa ardhini. Ndege mkubwa ataonekana kwa mwaka mmoja au miwili zaidi, kwa kuwa yeye anaweza kula punje zilizobaki baada ya mavuno, na watu watasema wapo. Kisha watazeeka bila warithi.

Sumu nayo ni jambo ambalo siwezi kulizungumzia kwa sauti ya chini. Katika mashamba ya mpunga ya Bunyala, kaunti ya Busia, ilithibitika kwamba watu walitumia kabofurani, kemikali iliyotengenezwa kwa ajili ya wadudu waharibifu, kuwaua ndege wa majini kwa wingi na kuwauza kama kitoweo. Mjomba alipomnasa ndege alimshika mkononi akiwa hai na kuamua juu yake. Sumu haiamui chochote: inaua jike mwenye yai, inaua mwewe anayemla mfu, na inamfikia mtoto aliyewekewa nyama hiyo sahanini. Ninapowaeleza vijana wa Nakuru na Siaya juu ya uwindaji wa wazee wao, huwaeleza pia kwamba kati ya mtego wa kitanzi na sumu hakuna undugu wowote, na kwamba anayetumia sumu hana haki ya kujiita mwindaji.

Wakulima wana malalamiko yao, na ni ya haki. Kanga hufukua mbegu za mahindi zilizopandwa karibuni, wakifuata mstari shimo kwa shimo, na kundi kubwa linaweza kumlazimisha mtu kupanda upya. Lakini hasara hiyo ina majira yake mafupi: huanzia siku ya kupanda na hupungua sana mche unapopata mizizi na kutoa majani kadhaa. Baada ya hapo ndege yuleyule huingia shambani kutafuta wadudu na mbegu za magugu, na penye ng'ombe huokota hata kupe. Mkulima mmoja jirani yangu, ambaye kiwanja chake kinapakana na miteremko ya Menengai, amekubali kuacha ukanda wa majani na vichaka wenye upana wa hatua chache kando ya shamba lake, bila kuuchoma na bila kuunyunyizia dawa, kwa sharti kwamba wakati wa kupanda nifike alfajiri kuwafukuza kanga mpaka mahindi yashike. Nimelikubali sharti hilo. Mvua za Machi zinapoanza nachukua bati kuukuu na fimbo ya kulipigia, nafika kwake kabla ya mapambazuko, na wanafunzi wangu wawili au watatu huja nami, kwa sababu huko ndiko wanakojifunza kanga hushuka kutoka mti upi, hupita wapi, na husimama wapi kwanza kabla ya kuingia shambani.